Udongo wa Tabora

Lubumbashi, 10 Machi 2024
Asubuhi: mvua nyembamba tangu alfajiri, hakuna upepo.

Yaya Léonard,

Nakusalimu, kaka yangu, kwa jina la nyumba nzima, na nyumba nzima siku hizi ni mimi na Syntiche. Tuko wazima. Paa la jikoni linavuja palepale ulipoliziba kabla ya kuondoka. Nimeweka ndoo, na ninapoosha vyombo naisikia ikidondokewa nyuma yangu kama mtu anayetaka kusema jambo. Paroko anakusalimu. Wazee wa reli, wenzako wa kazini, pia. Kila Jumapili baada ya misa wananiuliza, "Tabora anasema nini?" Wamesahau kabisa kwamba una jina la ubatizo.

Mjukuu wangu Syntiche ana mimba ya miezi minne. Doudou, aliyempa mimba, yuko Sakania kwenye biashara ya mpakani, na hadi leo ameleta salamu tu. Sikumgombeza msichana. Anakaa jikoni akitafuna pemba ya soko la Njanja, yale mabonge ya udongo wanayopenda wenye mimba, siku nzima krr, krr, kama panya ndani ya gunia.

Juzi aliniuliza wewe ulifuata nini Tabora. Nikamweleza kama babu yetu, Nkambo Chola, alivyotueleza sisi tukiwa wadogo: kwamba mwaka 1916 yeye na mdogo wake Nkandu walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Wabelgiji, kwamba vita vya Tabora vilipokwisha Nkandu alikuwa anaharisha damu, jeshi likaamriwa kuondoka, naye Chola akamfunika blanketi akamwacha. Hakuna aliyeleta udongo wa kaburi lake. Kwa hiyo matanga hayakufanywa, na jina lake halikupewa mtoto yeyote, maana kwetu jina la mtu asiyeliliwa haligawiwi. Syntiche akasema, "Kumbe yote ile ni sababu ya muntu moya?" Nikamwambia ndiyo, ya mtu mmoja.

Sikumwambia kwamba tuliapa kwenda pamoja, wewe na mimi. Kuhusu chumba unachosema umeniwekea, nimesoma. Acha kwanza mtoto azaliwe.

Siku ya kukuaga uliwaambia wazee wa reli kwamba watakuona tena ukiwa na Nkandu mkononi. Je, umepaona mahali?

Mdogo wako,
Hortense


Tabora, 21 Aprili 2024

Hortense mdogo wangu,

Pokea salamu ndefu kama treni ya shaba. Barua yako imefika leo. Dereva André aliishusha Mbeya kutoka kwenye lori lake, ikalala kwa wakala wa basi mpaka mtu akaikumbuka. Bahasha inanuka dizeli, nami niliinusa kabla ya kuisoma. Mama Nyamizi, mwenye nyumba wangu, akanikuta. Akanipigia kelele sikioni, "Mzee Kongo, si upige simu tu kama watu?" Nikamwambia masikio yangu yalibaki ndani ya lokomotivi, na simu kwangu ni nyuki ndani ya chupa.

Umeanza na hali ya hewa, kama kawaida yako. Unanieleza anga lote la Lubumbashi, lakini hunielezi kama unalala usingizi.

Mimi mzima. Nina vyumba viwili karibu na stesheni. Kimoja changu. Kingine nimekipaka chokaa, nimeweka kitanda na kigoda kifupi kama kile cha mama, kwa sababu najua viti virefu vinakuumiza magoti. Nyuma yake nimelima bustani ndogo ya mchicha. Jioni nakwenda kuangalia treni ya Kigoma. Siisikii, lakini ardhi inaniambia kwa nyayo kabla haijatokea, na watu hushangaa jinsi ninavyosimama mapema.

Nimefika Itaga, kile kilima alichokitaja Nkambo. Mimi niliyekiona kichwani kila nilipoendesha usiku kutoka Sakania, nilitegemea hata jiwe moja. Kuna karanga, kuna mahindi, na uwanja wa mpira wenye magoli ya miti. Vijana wakaniuliza natafuta nini. Nikasema natafuta vita. Wakacheka, wakasema vita haipo hapa, nijaribu Kongo.

Lakini mahali nimepaona. Usiniulize nimepaonaje, ni hadithi ndefu. Nimechota udongo. Ili usimwagike njiani nimeulowanisha, nikaufinyanga mabonge, nikayaanika juani na kuyatia ndani ya kopo la maziwa ya unga. André ataleta. Uzikeni karibu na Nkambo Chola, wanawake walie inavyopasa, halafu jina lifunguliwe. Uniandikie siku na saa, ili nami niketi chini huku na kulia pamoja nanyi.

Kisha uje. Baada ya matanga utakuwa huna sababu nyingine.

Yaya wako,
Léonard


Lubumbashi, 2 Juni 2024
Asubuhi: baridi kavu, anga safi, umande mwingi juu ya mabati.

Yaya Léonard,

Nakusalimu. Huku tunaamka na masweta. Syntiche anatembea sasa kama bata, tumbo mbele, mikono kiunoni. Tantine Albertine ametuletea samaki wa kukaushwa kutoka Kasenga, kwa gari la wachuuzi. Yeye mwenyewe hakuja, mguu unamsumbua.

André alipita Jumapili iliyopita nikiwa misani. Kopo limefika.

Kuhusu matanga, tusiharakishe. Wewe unajua kwamba kilio lazima kianzishwe na Tantine Albertine, maana ndiye peke yake aliyebaki katika watoto wa Nkambo, na mguu wake hauwezi barabara ile. Tungoje apone. Udongo hauozi.

Sina mengine. Baridi inanifunga vidole.

Mdogo wako,
Hortense


Tabora, 14 Julai 2024

Hortense,

Salamu kwako na kwa bata wako mdogo. Barua yako ilikuwa fupi kama tiketi. Niliigeuza nyuma kuona kama kuna kitu kingine.

Nilikuwa na homa wiki chache, imekwisha. Mama Nyamizi alinipikia uji na kuniamrisha kama mke, jambo ambalo sikumruhusu, lakini uji niliunywa.

Nikueleze kitu kilichonipata. Hapa kuna mzee mmoja, Mihambo, anauza tumbaku ya kusokota karibu na stesheni. Aliniuliza babu yangu alikuwa nani hata niache nchi yangu. Nikamweleza kwa fahari, jeshi, mwendo, kilima. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainua mdomo karibu na sikio langu akasema, "Kumbe ni wewe. Babu yako ndiye aliyekula ng'ombe wa babu yangu."

Watu wote pale wakacheka. Nikasema babu yangu alibeba masanduku tu. Akasema, "Masanduku ya nini? Ya nyama ya ng'ombe wetu." Tangu siku hiyo nikipita wananiita Mla Ng'ombe. Nilirudi chumbani, na kwa siku tatu sikwenda stesheni. Maisha yangu yote niliwaza Tabora, Hortense, na sikuwahi kuwaza kwamba huko nako kuna mtu alikuwa akitukumbuka, na anatukumbuka hivyo.

Siku ya nne Mihambo akanifuata. Alisema nimlipe jogoo, yaishe. Nikamlipa jogoo. Tukamla pamoja, naye akasema, "Sasa wewe ni mtani wangu. Ukifa hapa, sisi watani ndio tutakuzika, na tutakucheka kaburini." Ni desturi yao, na ni heshima. Nakuandikia ili ujue kwamba sipo peke yangu.

Sasa niambie. Matanga ni lini? Kila Jumapili navaa shati jeusi, kwa kuwa barua inaweza kuwa bado iko njiani huku nyinyi mmeshaanza kulia.

Yaya wako,
Léonard


Lubumbashi, 25 Agosti 2024
Asubuhi: vumbi, moshi wa majani yanayochomwa, jua jekundu.

Yaya,

Salamu za nyumba nzima, na safari hii ni watu watatu. Syntiche alijifungua tarehe kumi na saba, mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Nitafika kwake. Kwanza vua shati jeusi ukae chini.

André alipopita mpakani Kasumbalesa, askari wa forodha walifungua kopo. Wakamwuliza ni nini. Angesema ni udongo wa kaburi, wangemweka pale mpaka kesho. Akasema, "Ni pemba ya mwanamke mwenye mimba." Wakacheka wakamwachia. Alijipenda sana kwa jibu hilo, na alipofika hapa mimi nikiwa misani, alimkabidhi Syntiche kopo mkononi akamwambia maneno yaleyale, kwa kicheko: "Chukua, mama, pemba yako inatoka mbali." Kisha akaenda zake, gari lilikuwa barabarani.

Umeelewa. Wewe uliyafinyanga mabonge, ukayaanika juani. Huku sokoni yanauzwa hivyohivyo.

Nilirudi misani nikamkuta amekaa jikoni, kopo mapajani. Lilikuwa limebaki bonge moja, na lenyewe limeumwa. Nikauliza unakula nini. Akasema, "Nkambo, hii iko muzuri kupita ya Njanja. Iko na harufu ya mvula." Nilikaa chini. Nilipomwambia ni nini, alikimbia uani akajitia vidole kooni, lakini udongo haukutoka. Alilia siku mbili, akisema mutoto atazaliwa na mufu ndani. Mimi sikulia. Nilikuandikia kwamba udongo hauozi.

Nisamehe barua ile ya Juni. Nilishika kalamu mara nyingi nikaona uso wako.

Nilimpigia simu Tantine Albertine. Nikamweleza yote. Kisha akaniuliza, "Msichana anaumwa?" Nikasema hapana. Akasema, "Sasa munalia nini? Muntu iko ndani ya tumbo, aiko ndani ya kaburi. Mungoje atoke." Nikamwuliza matanga je. Akasema, "Utafanya kilio ya muntu anakuya kuzaliwa? Uliona wapi?" Akanicheka, pamoja na huo mguu wake mbovu.

Kwa hiyo tulingoja. Mtoto alipotoka nilimpigia tena, naye akalifungua jina kwa simu, nikiwa nimeweka simu kwenye sikio la mtoto. Anaitwa Nkandu. Bonge lililobaki tulilizika karibu na Nkambo Chola. Bila kilio. Syntiche aliimba kidogo.

Nilidhani nitaona aibu kukuandikia haya, lakini sasa naona ni habari njema. Alibebwa na lori mpaka hapa, akafika. Uliwaahidi wazee wa reli kwamba watakuona tena ukiwa na Nkandu mkononi. Mkono upo, Yaya, mtoto yupo. Hakuna atakayekucheka.

Hortense


Tabora, 6 Oktoba 2024

Hortense,

Nimesahau salamu. Zichukue mwishoni.

Barua yako nimekaa nayo muda mrefu. Mama Nyamizi alidhani kuna msiba, akaja na mkeka. Nikamwambia kuna mtoto. Akauliza mbona basi nimekaa hivi.

Mahali sikupaona. Nilizunguka Itaga tangu nilipofika mpaka Aprili, nikauliza kila mwenye mvi. Wabeba mizigo hawakuzikwa kwa majina, waliachwa walipoanguka, na mvua ikafanya kazi yake. Hata Mihambo, nilipomuuliza baadaye, alinionyesha mashamba kwa mkono, hivi, yote, kama mtu anayefukuza inzi. Aprili sikuweza kukuandikia hivyo. Niliwawaza wazee wa reli, nilikuwaza wewe na kiapo chetu. Asubuhi moja nikachukua jembe, nikachota udongo nyuma ya chumba chako, pale kwenye mchicha, kwa sababu ulikuwa laini. Niliufinyanga nikilia, kwa hiyo labda kilio kimoja kilikuwemo. Lakini si kaburi la mtu yeyote. Ni bustani.

Ningenyamaza kama udongo ule ungezikwa tu. Udongo ukizikwa kwenye udongo hakuna aliyeumia. Lakini sasa mmempa binadamu jina juu yake. Mwambie Tantine Albertine, alifunge tena kama linafungika.

Kuhusu kurudi. Nitarudi vipi? Nitamshika mtoto mbele ya wazee wote nikijua ninachojua? Hapa wananiita Mla Ng'ombe, nimelizoea. Huku nimelipa deni langu kwa jogoo mmoja, na Mihambo ataniangalia. Wewe kaa na mtoto. Chumba nitakiacha hivyohivyo, au Mama Nyamizi atapata mpangaji.

Salamu kwa wote.

Léonard


Lubumbashi, 24 Novemba 2024
Asubuhi: mvua kubwa ya kwanza kukaa, tangu usiku, ndoo mbili jikoni.

Yaya wangu Léonard,

Nakusalimu mimi, anakusalimu Syntiche, na Nkandu angekusalimu kama asingekuwa amelala kifuani pangu, kwa hiyo samahani kwa mwandiko. Doudou amekuja hatimaye. Alimwangalia mtoto, akasema anafanana na mama yake, akapanda paa kulitazama tundu, akashuka akisema ni kazi ya fundi. Ndiyo sababu ndoo ni mbili.

Barua yako ilikawia Mbeya tena. Niliisoma jikoni, nimesimama. Kisha niliifunika kwa bakuli, nikapika bukari na sombe, nikala, nikaisoma tena.

Jina halitafungwa. Nikimwita Nkandu anageuza kichwa. Sijamwambia Tantine, wala Syntiche, na sitawaambia. Wewe mwenyewe umeandika kwamba waliachwa walipoanguka na mvua ikafanya kazi yake. Nani basi anaweza kuapa kwamba si pale, chini ya mchicha wako? Wewe huwezi. Mihambo hawezi. Nkambo Chola mwenyewe, aliyemfunika blanketi, hakuweza kamwe kutuambia ni upande gani wa mji. Nimelifikiria jambo hili kwa utaratibu, kama unavyonijua, na sioni palipo na uongo mkubwa. Naona tu kwamba mtoto amekula udongo wa mahali pangu pa kulala. Halali yake.

Lakini kuna mstari mwingine uliouandika, wa Julai, ambao siwezi kuufunika kwa bakuli. Kwamba ukifa huko, watani watakuzika na kukucheka. Uliuandika ili nipoe. Watakuzika vizuri, sina shaka, nami namshukuru Mzee Mihambo, na mwambie babu yetu alikula ng'ombe wake kwa sababu ya njaa. Niambie lakini: siku hiyo nani atachota udongo? Nani atajua kuufinyanga usimwagike? Mama Nyamizi? Barua ya kunieleza italala Mbeya kwa wakala wa basi, nami nitakuwa hapa nasukuma ndoo kwa mguu na kusema, Léonard ameandika kidogo siku hizi.

Nkambo Chola alimwacha ndugu yake Tabora. Ulikuwepo, uliona jinsi alivyokula mezani, kila siku akiacha kipande kando ya sahani. Zaidi ya miaka hamsini. Alikuwa kijana na aliamriwa kuondoka. Mimi hakuna aliyeniamrisha.

Kwa hiyo nakuarifu. Mvua zikiisha, mwezi wa Mei, nitapanda lori la André mpaka Mbeya na basi mpaka kwako. Pasi nimekwenda kuiomba. Syntiche anasema, "Nkambo, na magoti yako ile?" Nimemwambia magoti ni yangu. Siji kukaa, Yaya. Nakuja kukuchukua. Kama hutaki kurudi, utanikatalia nikiwa nimekaa mbele yako kwenye kile kigoda. Usinikatalie kwa karatasi, sitaipokea. Na chumba usimpe mpangaji.

Uliniuliza Aprili kama nalala usingizi, sikukujibu. Unajua daftari langu: juu naandika tarehe na hali ya hewa, chini kabisa naandika saa niliyolala. Ya juu nakuandikia wewe pia. Ya chini niliiacha, kwa sababu tangu uondoke si saa za kumwonyesha mtu.

Mdogo wako,
Hortense

25 Novemba. Barua ilibaki wazi mezani. Mvua ilikatika baada ya saa nane usiku, ndoo zikanyamaza. Nililala saa tisa na robo.